Ngazi ya Mguu wa Kushoto

Hirukawa Morio alikereza vali za mitungi ya oksijeni kwa miaka arobaini na miwili, na kwa maelezo yake mwenyewe, katika miaka hiyo yote aliuliza swali moja tu lililopata jibu.

Tulijuana kwenye bafu la umma la mtaa wetu, Ota, kusini mwa Tokyo, mtaa wa karakana ndogondogo. Alikuwa na kigoda chake cha pili kutoka mlangoni, na hapo alisugua mikono kwa brashi robo saa nzima ingawa alikuwa ameshastaafu. Alisema mafuta ya mashine hayatoki, yanahama tu kutoka kidole hiki kwenda kingine. Kwa miaka miwili tuliongea habari za joto la maji. Mwaka wa tatu akaniuliza, macho yakiwa kwenye bakuli lake, kama kwetu watu wanaijua Tetsugasa. Nikamwambia niliwahi kuona fulana yake kwenye rundo la mitumba, ina picha ya jitu la chuma lenye kofia pana. Akaacha kusugua.

"Kofia ilikuwa na mipasuko mitatu au minne?"

Sikukumbuka. Alionekana kunisikitikia.

Tetsugasa ilianza kama mchezo wa video mwaka 1991. Bahari zimekauka, mwezi umepasuka, na vipande vyake vinainyeshea dunia bila kukoma. Watu waliobaki wanatembea kwenye sakafu ya bahari ndani ya mashine kubwa zilizovaa kofia za chuma, pana kama kofia za wapanda mpunga. Ukaja mchezo wa pili, wa tatu, kisha katuni za televisheni, tamthilia ya redio, vitabu vya picha, kadi, hata tambi za kikombe zenye sura za marubani kwenye kifuniko. Vijana waliokariri majina ya mashine zote sitini na mbili sasa wana vipara na wanalalamika migongo.

Mchezo wa kwanza ulipotoka, Hirukawa alikuwa na miaka thelathini na tatu. Alikuwa ametoka Akita, kaskazini kwenye theluji, akiwa na miaka kumi na minane na sanduku moja, akaingia karakana ya watu tisa na hakutoka humo mpaka ilipofungwa. Mwenye karakana aliweka mashine ya gemu kwenye chumba cha kulia ili wafanyakazi wasitoke nje kuvuta sigara. Wenzake walicheza ili kushinda. Hirukawa aliwaomba wasimame kidogo atazame magoti ya mashine. Aliniambia kwamba aliyechora magoti yale aliijua kazi. Aliacha nafasi ya kupitisha spana.

Katika hatua ya tatu ya mchezo ule kuna mashine iliyosimama kwa mbali, imekufa, mchanga umefika kiunoni. Haifanyi kitu. Mchezaji anapita mbele yake kwa sekunde arobaini hivi na mashine haionekani tena. Kwenye orodha ni Nambari Kumi na Nne, na kampuni ilitoa mchoro wake mmoja tu, wa kutoka mbele. Mwaka 1995 jarida moja la michezo lilimpa mwandishi asiyejulikana, Bi Shiomi Kazue, kazi ya kuandika hadithi ya kila mwezi kuhusu mashine hiyo: nani alikuwa ndani yake kabla haijafa. Bi Shiomi akamtunga rubani, mwanamke anayeitwa Isana, na akaanza kumtembeza kwenye chumvi.

Hirukawa aliisoma ndani ya treni, amesimama. Ilipofika sura ya tano kuna jambo lilianza kumkera. Chumba cha rubani kiko kifuani, mita nne kutoka chini. Kwenye gemu unabonyeza kitufe na rubani yumo ndani. Kwenye hadithi vilevile, Isana alikuwa chini kwenye mchanga, na mstari uliofuata yuko juu. Hirukawa alikuwa mtu wa chuma; alijua kwamba kitu kizito hakiingiwi hivihivi. Akanunua kadi ya posta, akaandika: mimi ni mkerezaji wa Ota, naomba radhi kwa usumbufu, je, anapandaje?

Miezi miwili baadaye, katika sura ya saba, fundi mmoja bibi kizee anachomelea ngazi kwenye mguu wa kushoto wa Kumi na Nne. Vipandio kumi na kimoja. Cha tatu kutoka chini kimepinda, kwa sababu bibi aliishiwa vyuma vilivyonyooka. Na katika wiki hiyohiyo Hirukawa akapokea kadi: "Bwana Hirukawa, sikuwa nimefikiria. Asante. Shiomi."

Kadi hiyo nimeiona. Iko kwenye bahasha, bahasha iko kwenye bahasha nyingine.

Hadithi ilifika sura ya kumi na nane. Katika ile ya mwisho Isana anafungua mlango wa kifuani, anashuka ngazi kipandio kwa kipandio, mguu wake unakitafuta kile kilichopinda na kukipata, anaikanyaga chumvi na kuondoka kwa miguu. Mashine inabaki imesimama, na ndiyo hiyo unayoiona kwenye mchezo. Miezi michache baadaye jarida likafa. Hadithi haikuwahi kutolewa kitabu. Bi Shiomi hakuandika tena, au aliandika kwa jina jingine. Hirukawa alituma kadi mbili za mwaka mpya na zote zikarudi.

"Kwa hiyo unaona," aliniambia, maji yakimtiririka shingoni. "Kama ngazi haipo, Isana alifia mle ndani. Kama ipo, alishuka."

Alipostaafu alianza kutengeneza sanamu. Jikoni, kwenye meza ambayo mkewe Sumiyo alikuwa anakandia unga, akachonga Kumi na Nne kutoka mbele kwa kufuata ule mchoro mmoja, na kutoka nyuma kwa kufuata akili ya mtu aliyeshika chuma maisha yake yote. Sanamu ilikuwa na urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Ilimchukua miaka mitatu. Sumiyo, ambaye alikuwa mpishi wa vyakula vya kufungasha mpaka magoti yalipomshinda, alikuwa analalamikia harufu ya rezini, ile gundi inayoganda kuwa plastiki, kisha anamletea taa.

Mara mbili kwa mwaka kuna tamasha kule Makuhari ambapo mafundi wa aina yake huuza sanamu walizotengeneza majumbani. Si mali yao. Mashine ni za kampuni. Lakini kampuni hutoa kibali cha siku moja. Unatuma picha miezi mitano kabla, wanakagua, wanakubali, na siku hiyo, ndani ya ukumbi huo, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, unaruhusiwa kuuza. Saa kumi na moja na dakika moja kitu kilekile mezani kwako kinakuwa cha magendo. Nimeishi katika miji mingi yenye sheria nyingi na sijaona sheria nyingine inayofuatwa kwa utulivu kama hii.

Mwaka ule kampuni ilitangaza kwamba Februari ingekuwa mara ya mwisho kutoa kibali kwa Tetsugasa. Gemu ilikuwa inatengenezwa upya, na kila kitu kingekuwa cha kiwandani. Hirukawa alikuwa hajawahi kuuza hata sanamu moja. Alikuwa na hiyo Februari tu.

Alijaza fomu mwezi wa tisa. Kabla hata ya kuituma alikuwa ameanza kukunja waya wa shaba kwa ajili ya ngazi: kalibu ya mpira hutoa sanamu ishirini nzuri kisha inachanika, kwa hiyo ngazi ishirini, vipandio mia mbili na ishirini, cha tatu kwenye kila ngazi kimepindwa kwa koleo. Jibu lilikuja mwezi wa kumi na moja. Pointi ya kwanza ilisifu kazi. Ya pili ilisifu magoti. Ya tatu ilisema: "Ngazi kwenye mguu wa kushoto haimo katika michoro rasmi. Tafadhali iondoe na utume picha upya ndani ya siku kumi."

Tulikaa kwenye duka la tambi karibu na kituo, yeye, mimi na Nezu. Nezu ni mfanyakazi wa posta wa miaka arobaini na mitano ambaye hutengeneza sanamu za marubani wanawake wa Tetsugasa, na alikuwa amepangiwa nusu ya pili ya meza ya Hirukawa. Aliisoma barua, akaigeuza, akauliza kampuni ilijuaje kwamba ngazi haimo. Mchoro wenyewe ni wa mbele tu, na ngazi iko ubavuni. Kijana anayekagua picha hizo alikuwa hajazaliwa hadithi ilipotoka.

Hirukawa akasema fomu ilikuwa na kisanduku cha maelezo ya ziada.

Nezu akaweka vijiti chini. "Usiniambie ulikijaza."

Alikuwa amekijaza. Aliandika jina la jarida, mwezi, sura ya saba, na namba ya ukurasa.

"Mzee, nakuuliza kwa heshima zote. Nani alikutuma?"

"Kilikuwa kitupu."

"Sasa kisanduku kitupu kinauma? Kinalia usiku?"

Hirukawa alisema fomu haiachwi na kisanduku kitupu, na alisema hivyo kama mtu anayesema maji hayapandi mlima. Nezu akanigeukia, labda kwa sababu mimi ni mgeni na ningeweza kuwa hakimu. Akanieleza kwamba miaka mitano nyuma kampuni ilitangaza historia rasmi kuwa ni michezo na katuni za televisheni tu. Redio, vitabu vya picha na hadithi za majarida vyote vilitupwa nje. Kwa hiyo mzee wetu, badala ya kunyamaza, alikuwa amekwenda mwenyewe na ushahidi mkononi kuonyesha kwamba ngazi yake imetoka kwenye kitu kilichofutwa.

"Marubani wangu," Nezu alisema, "wamevaa vitambaa viwili, kila kimoja kama stempu. Wanatembea kwenye dunia inayonyeshewa mawe. Wamepita bila neno. Wewe umekwama kwa ngazi."

Hirukawa alicheka kidogo, kwa adabu, akamaliza mchuzi wake.

Nilimuuliza kwa nini asijitoe. Alisema hakuna mtu mwingine aliyewahi kutengeneza Kumi na Nne, hata kampuni yenyewe. Kama yuko mtu mmoja aliyeisoma ile hadithi hadi mwisho, mtu huyo atapita kwenye meza yake, kwa sababu hana pengine pa kupita. "Mmoja tu," alisema. "Akiuliza nitajua."

Siku iliyofuata alipasha moto chuma cha kuchomelea na kuing'oa ngazi. Aliziba matundu ishirini na mawili kwa udongo wa kuzibia, akayapiga msasa mpaka mguu ukawa laini kama haujawahi kuguswa. Ilikuwa kazi ya saa moja. Ilimchukua siku tatu. Sumiyo aliniambia mlangoni kwamba mumewe hali chakula cha mchana, na kwamba jana alimkuta anapitisha kidole kwenye ule mguu kwa macho yaliyofumbwa, anatafuta mahali palipokuwa na tundu. Hakupapata. Alikuwa ameifanya kazi vizuri mno.

Alituma picha. Jibu lilikuja kabla ya saa moja kupita: "Tumeridhika. Asante kwa kutuelewa."

Zile ngazi ishirini za waya alizitia moja moja kwenye vifuko vya plastiki, akavipanga kwenye bati la biskuti, akaliweka bati juu ya kabati.

Tulifika Makuhari alfajiri ya Jumapili, upepo unakata masikio, masanduku yamefungwa kamba kwenye kitoroli. Ukumbi ule unaweza kumeza mtaa wetu wote na karakana zake. Milango ilipofunguliwa watu waliingia kwa ule mwendo wao wa siku hiyo, kukimbia ni marufuku, kwa hiyo wanatembea kwa kasi ya mtu anayekimbia, viuno vimekaza. Waliomiminika mbele yetu walikuwa wa Nezu. Alikuwa na foleni. Hirukawa alisimama nyuma ya nusu yake ya meza, amevaa tai, na mbele yake Kumi na Nne moja iliyounganishwa na kupakwa rangi ya kutu, na ubavuni masanduku ishirini.

Mkaguzi aliyefunga utepe wa kazi mkononi alipita na picha iliyoidhinishwa. Akainama, akalinganisha mguu wa kushoto na mguu wa kwenye picha, akagonga muhuri. Akasema ni kazi nzuri sana. Hirukawa akainama mara tatu.

Hadi adhuhuri alikuwa ameuza tatu. Wawili walikuwa watu wanaonunua kila kitu chenye jina la Tetsugasa. Wa tatu aliuliza kama mikono inageuka. Kila mtu aliyekaribia, Hirukawa alimwangalia usoni, kisha akaangalia macho yake yanakwenda wapi. Yalikwenda kwenye kofia. Ni kweli, kofia ilikuwa nzuri.

Wakati wa kula alifungua mfuko aliofungiwa na Sumiyo. Juu kulikuwa na mipira ya wali iliyofungwa kwa mwani, ya plamu kwake, ya samaki kwangu, kwa sababu Sumiyo anajua siwezi plamu. Chini yake kulikuwa na bati la biskuti. Hirukawa alilifungua kidogo, akaona, akalifunga. Aliendelea kulishika magotini.

Nezu alikuwa ameona vilevile. Alisogeza kiti. Alisema kwa sauti ya chini kwamba waya ni waya. Waya hauna hakimiliki ya mtu, unauzwa dukani kwa mita. Mteja akipewa zawadi ya kipande cha waya na mzee mstaafu, sheria gani imevunjwa? Hirukawa akasema kibali ni cha kilichomo kwenye picha. Nezu akasema huuzi, unagawa. Hirukawa akasema kilichomo kwenye picha.

"Mkeo ana akili kukuzidi," Nezu alisema.

"Hilo najua."

Akaliweka bati chini ya meza, nyuma ya miguu yake.

Ilikuwa yapata saa tisa alasiri mama mmoja aliposimama mbele yetu. Alikuwa na miaka hamsini hivi, koti la kijivu, mfuko wa kitambaa begani wa aina wanayobeba wauguzi. Hakutazama kofia. Alikwenda moja kwa moja ubavuni, akapiga magoti pale sakafuni, watu wakimpita, akautazama mguu wa kushoto. Kisha akainua kidole, bila kugusa, na kidole kikapanda hewani, kikisimama na kupanda, kikisimama na kupanda. Kwenye kituo cha tatu kikaenda kando kidogo.

Nezu aliacha kuhudumia foleni yake.

Mama akainuka. "Samahani kwa kusumbua," alisema. "Ngazi iko wapi?"

Nilimtazama Hirukawa. Alikuwa ameingojea sentensi hiyo miaka ishirini na zaidi, na ilipofika nilimwona anaikazia macho kama mtu aliyeitwa jina lake katika ofisi ya serikali. Mkono wake mmoja ulishuka kuelekea chini ya meza. Hatua kumi kutoka kwetu yule mkaguzi alikuwa anagonga muhuri kwa jirani. Mkono ukarudi.

"Haimo katika michoro rasmi," alisema Hirukawa.

"Najua. Lakini nilidhani..." Mama akatabasamu kidogo, kwa aibu. Alisema aliisoma hadithi hiyo mwaka ambao hakuweza kutoka nyumbani kwao, hakuweza hata kufika mlangoni, na sura ya mwisho aliikata kwenye jarida akaibandika ukutani. Aliutazama tena ule mguu laini. "Kwa hiyo hakushuka."

Hirukawa aliinama. Aliinama chini sana, hadi nikaona mvi za kisogoni, na alikaa hivyo. "Samahani sana," alisema, uso ukiwa umeelekea mezani.

"Hapana, hapana, mimi ndiye niliyeuliza jambo la ajabu." Mama naye akainama. Hakununua. Akasema ni kazi ya ustadi mkubwa, asante kwa kumwonyesha, akaingia kwenye umati.

Mteja wa Nezu akauliza bei, Nezu akamtajia bila kumtazama. Baadaye akamwambia Hirukawa, na haikuwa dhihaka: "Mzee, ndiye yule."

"Ndiye," alisema Hirukawa.

Alikaa. Akapanga masanduku yaliyokuwa yamepangika. Nadhani dakika kumi zilipita, pengine kumi na tano. Kisha akainama chini ya meza, akatoa kifuko kimoja kwenye bati, akakitia mfuko wa koti na kuondoka bila kuniambia nishike meza. Nilimwona akipita katikati ya safu ya tano kwa ule mwendo wa asubuhi, kiuno kimekaza, mzee wa miaka sitini na kitu mwenye tai. Hakukimbia. Hata wakati huo hakukimbia.

Nilikwenda upande wa pili kumtafuta yule mama. Ukumbini kulikuwa na makoti ya kijivu maelfu. Nilimshika bega mmoja, akageuka, hakuwa yeye. Nje, kwenye ngazi za kwenda kituoni, watu walikuwa wanatiririka kama maji ya mfereji. Niliporudi, Nezu alikuwa ameuza Kumi na Nne moja zaidi, kwa mtu aliyependa kofia.

Saa kumi na moja vipaza sauti vilitangaza kwamba tamasha limekwisha, na kama ilivyo desturi ukumbi mzima ukapiga makofi, wauzaji na wanunuzi, dakika nzima. Kati ya makofi hayo Hirukawa alirudi. Jasho lilikuwa limeloanisha kola. Alisimama mahali pake nyuma ya meza na kupiga makofi pamoja na wengine, kisha akaichukua karatasi ya kibali yenye muhuri na kuikunja mara nne. Masanduku kumi na sita tuliyafunga kamba kwenye kitoroli. Hayangeuzwa tena mahali popote.

Kwenye treni alisinzia, au alifumba macho. Nezu alishuka njiani na kumgusa bega.

Nilimsaidia kupandisha masanduku. Sumiyo alikuwa ameandaa chungu cha figili, mayai na keki za samaki, mvuke umejaa jikoni, na meza ilikuwa safi, haina rezini, kwa mara ya kwanza tangu niijue nyumba hiyo. Hakuuliza wangapi wamenunua. Alinipa kitambaa cha moto cha kufutia mikono, akampa mumewe cha pili, akalitoa bati la biskuti kwenye mfuko na kulifungua palepale amesimama. Alihesabu kwa midomo. Alirudia kuhesabu.

"Baba," alisema. "Ziko kumi na tisa."

Sijawahi kumwona na uso ule. Ulikuwa uso wa mtu mdogo kwa miaka thelathini. Alikuwa ameshaanza kuketi, ili asikilize vizuri, mkono mmoja umeshika ukingo wa meza kwa ajili ya magoti.

"Alikuja?"

Hirukawa alikuwa bado hajavua koti. Aliingiza mkono mfukoni, akakitoa kile kifuko, akakiweka mezani kati ya bakuli. Ile ngazi ndogo ya shaba ndani ya plastiki ilikuwa imepindapinda kwa kushikwa, siyo kipandio cha tatu peke yake, vyote.

"Hakuja mtu," alisema.

Sumiyo alinitazama mimi. Nikaangalia chungu. Akakichukua kifuko, akakirudisha kwenye bati pamoja na vingine, akalibonyeza kifuniko pande zote nne mpaka kikashika.

"Figili inapoa," alisema, akatupakulia.